Kubadili Jina la Tovuti au Kuanza Upya

Tovuti iliyodumu miaka mingi ina vitu viwili ambavyo wenye nayo huvichanganya: chapa na anwani, yaani jina la kikoa. Chapa ni jina na nembo anayoiona msomaji. Anwani ndiyo inayobeba thamani ambayo haionekani kwa macho: viungo vilivyowekwa na tovuti nyingine, kurasa zilizohifadhiwa na wasomaji, na kumbukumbu za Google, ambayo tangu 1998 hupima uzito wa ukurasa kwa kuangalia nani anauelekezea.

Stockholm ina mfano wa kubadili chapa bila kuvunja biashara. Mwaka 2005 wanafunzi watatu wa chuo cha biashara cha Handelshögskolan walianzisha Kreditor, kampuni ya malipo ya mtandaoni. Miaka michache baadaye ikaitwa Klarna. Huduma ilikuwa ileile, wenye maduka walikuwa walewale. Kuanza upya kungewapotezea waanzilishi kile walichokwisha kukijenga. Hata Internetstiftelsen, taasisi ya Stockholm inayosimamia majina yote yanayoishia na .se, ilihama yenyewe kutoka iis.se kwenda internetstiftelsen.se.

Uhamisho wa namna hiyo hutegemea msimbo 301, ambao seva huutuma kueleza kwamba ukurasa umehama kwa kudumu. Msimbo 302 husema umehama kwa muda tu, na kuutumia mahali pa 301 ni kujitafutia usumbufu. Kila ukurasa wa zamani uelekezwe kwenye ukurasa wake mpya. Wavivu huelekeza zote kwenye ukurasa wa mwanzo, na Google huhesabu nyingi kati ya hizo kuwa zimepotea. Google yenyewe inashauri maelekezo hayo yaachwe kwa mwaka mmoja au zaidi. Twitter ilipohamia x.com Mei 2024, anwani ya zamani iliendelea kupeleka watu kwenye mpya.

Kuanza upya kuna maana pale tu cha zamani kinapokuwa mzigo: maudhui mapya hayahusiani na yale ya awali, au tovuti imeadhibiwa na mitambo ya kutafuta kwa hila za viungo, kwa kuwa kuielekeza kwenye jina jipya ni kuhama na doa lake. Sababu nyingine mara nyingi ni uchovu wa mwenye tovuti, na kwa uchovu sura mpya tu inatosha.

Wakati mwingine uamuzi hauko mikononi mwa mwenye tovuti. Mwaka 2015 mahakama ya wilaya ya Stockholm iliamuru tovuti ya kugawana faili ya The Pirate Bay inyang'anywe jina la thepiratebay.se, na Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Sweden ikakubali kwamba haki ya jina la kikoa inaweza kutaifishwa. Tanzania ina kisa cha amani zaidi. Tigo ni chapa ya simu ya Millicom, ambayo mwanahisa wake mkubwa hadi 2019 alikuwa Kinnevik ya Stockholm. Kampuni ya Tanzania ikauzwa kwa wawekezaji wakiongozwa na Axian, na Novemba 2024 Tigo ya Tanzania ikawa Yas, na huduma yake ya fedha, Tigo Pesa, ikawa Mixx by Yas. Namba za wateja hazikuguswa. Wakongwe wa Dar es Salaam walikwisha kuzoea: kabla ya Tigo ilikuwa Buzz, na kabla ya Buzz, Mobitel.

Kinachosahaulika zaidi ni jina linaloachwa. Jina la kikoa hulipiwa kwa kipindi; lisipolipiwa hufungwa, kisha huachiwa yeyote alichukue. Internetstiftelsen huchapisha orodha ya majina ya .se yanayokaribia kuachiwa, na wapo wanaoivizia kila siku. Mnunuzi mpya hurithi viungo vyote, na akiunganisha barua pepe hupokea ujumbe uliokusudiwa wafanyakazi wa zamani, pamoja na ule wa kubadilisha nywila za akaunti zao. Ada ya mwaka ya jina la zamani ni ndogo kuliko hasara hiyo, hata kwa aliyeamua kuanza upya.