Nyama Ile Ile, Jicho la Pili

Mama wa Wawi, kule Pemba, akirudi nyumbani na karatasi isemayo kwamba kipande kilichokatwa katika titi lake si cha kawaida, jamaa hukusanyika. Huyu ataja kisu, yule ataja mganga. Ndugu msomaji, kwanza isomwe ile karatasi. “Si cha kawaida” si lazima iwe kansa. Ziko chembe zilizoongezeka na kubadili umbo tu. Hizo humzidishia mama hatari ya baadaye, basi huangaliwa mara kwa mara, na pengine sehemu ile huondolewa.

Chembe hizo huwatatiza hata mabingwa wa darubini. Lakini kipande huhifadhiwa katika nta. Mama anaweza kuomba kisomwe tena na bingwa mwingine, tuseme Muhimbili, pasipo kukatwa upya. Daktari mwema hakasiriki. Ila yawe majuma machache, si miezi.

Ikiwa ni kansa, bado liko la kuchagua. Huko Milano, Italia, wanawake 701 wenye uvimbe mdogo walifuatwa miaka 20. Habari zikatangazwa mwaka 2002. Waliotolewa sehemu ya titi na kupigwa mionzi waliishi sawasawa na waliokatwa titi zima. Lakini mionzi ni majuma kadhaa, na kwa mtu wa Pemba ni kuvuka bahari hadi Ocean Road, Dar es Salaam. Nauli je? Atalala wapi? Watoto watabaki na nani? Daktari aambiwe hayo mapema. Pengine titi zima litolewe, ingawa wako waliokatwa na bado wakahitaji mionzi.