Kodi Inayoingia, Kodi Inayotoka

Hela anayopewa mwenye nyumba na mpangaji wake inaitwa kodi. Anayoipeleka serikalini nayo inaitwa kodi. Na kama kiwanja kina hati, kila mwaka kuna kodi ya pango la ardhi. Mtu anayejenga nyumba yake ya kwanza ya kupangisha, iwe Goba, Chanika au Mbagala, mara nyingi huipigia hesabu ile ya kwanza tu: vyumba vinne mara laki moja, mara miezi kumi na miwili. Hizo nyingine hukutana nazo akiwa ameshapaua.

Nyepesi kuliko zote ni kodi ya jengo. Tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU, na mwaka 2023 ilipanda kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Sh18,000 kwa mwaka haimfilisi mtu. Kinacholeta maneno uani ni kwamba anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo ndiye anayekatwa, ilhali mdaiwa ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba muungwana huipunguza kwenye pango siku mkataba unapohuishwa. Wasio waungwana hunyamaza.

Kwenye fremu za maduka mambo ni mazito zaidi. Mpangaji mfanyabiashara hutakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango, kuiwasilisha TRA na kumpa mwenye jengo cheti cha zuio. Mtaani jibu linalosikika ni moja: “Mimi nataka yangu kamili.” Basi mzigo humhamia mpangaji, na hesabu nayo hubadilika. Ili mwenye fremu apate Sh300,000 kamili, kodi halisi ni Sh333,333 na zuio ni Sh33,333, si Sh30,000 kama wengi wanavyokadiria. Mkataba wa pango nao una ushuru wake wa stempu.

Kwenye mkopo ndipo wengi wanapoumia.

Tuchukue mfano wa mtumishi anayekopa Sh50 milioni benki kwa riba ya asilimia 16, muda wa miaka 15. Rejesho lake ni kama Sh734,000 kila mwezi, na mpaka amalize atakuwa amelipa zaidi ya Sh132 milioni. Nyumba hiyo ikipangishwa kwa Sh350,000, mshahara wake utajazia Sh384,000 mwezi hadi mwezi. Hapo hatujagusa mwezi ambao nyumba imekaa tupu, wala siku choo kimejaa na gari la majitaka linasubiriwa. Anayetarajia kodi ilipe deni lote kwa riba ya namna hiyo anajidanganya, na ndiyo maana wenye kipato cha kati wengi bado hujenga kidogo kidogo: msingi mwaka huu, kuta mwakani, bati pale SACCOS inapotoa.

Kuna mtego mwingine, mdogo lakini mkali. Dar es Salaam wapangaji wengi hulipa miezi sita kwa mkupuo, huku benki ikidai kila mwezi. Milioni mbili na laki moja za nyumba ya mfano wetu zikiingia Januari, huonekana ni faida. Zikaenda kwenye ada, harusi ya binamu na simu mpya. Aprili rejesho linagonga mlango. Akaunti ya peke yake kwa ajili ya nyumba hutibu ugonjwa huu kuliko ushauri wowote. Na nyumba ya familia ikiwekwa dhamana ya mkopo, mwenza wa ndoa lazima aridhie. Saini ya kughushi huzaa kesi.

Siku ya kuuza nayo ina kodi yake. Mkazi hutozwa asilimia 10 ya faida aliyopata. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo. Nyumba iliyogharimu Sh80 milioni ikauzwa Sh100 milioni humtoa mwenye risiti Sh2 milioni, na asiye nazo Sh3 milioni. Kwa hiyo unayejenga sasa, risiti ya EFD ya kila mfuko wa saruji iweke kwenye faili moja na hati.