Je, Wajua? Dhiki Huielemea Akili

Je, wajua kwamba mkulima yuleyule hufikiri tofauti kabla na baada ya mavuno? Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Kabla ya mavuno, fedha zikiwa zimekauka, walipata alama za chini katika majaribio ya akili kuliko walipokwisha kulipwa. Huo si ujinga. Dhiki huielemea akili.

Kwa mkulima wa mpunga wa Mkula, bonde la Kilombero, Tanzania, msimu huo wa kabla ya mavuno ndio mlango wa mikopo ya "kausha damu", yaani mikopo ya riba kubwa. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wasiopokea amana: asilimia 3.5 kwa mwezi. Zidisha kwa 12, ni asilimia 42 kwa mwaka. Piga hesabu hiyo kabla ya kutia saini.