San Andreas: Fadhila na Kasoro za Mchezo Usio na Mwalimu

Yapo mambo ambayo sisi walezi huyashutumu kabla ya kuyachunguza, na michezo ya video ni mojawapo. Kwa miaka mingi sasa, katika vibanda vya mitaa ya Nakuru ambamo vijana hulipia muda wa kukaa mbele ya televisheni, na baadaye katika simu za mkononi, mchezo uitwao Grand Theft Auto: San Andreas umewateka wengi. Mzazi apatapo habari kwamba mwanawe hushinda huko, jawabu lake ni karipio. Mwalimu naye huinyang'anya simu. Ni wachache mno waulizao swali lililo la msingi: ni hadithi gani hiyo ambayo kijana huifuata kwa hamu asiyokuwa nayo akishika riwaya ya darasani? Makala haya yanakusudia kuupima mchezo huo kwa mizani ileile tunayoipimia kazi ya fasihi.

Mchezo wenyewe ulitungwa na kampuni ya Rockstar North ya mji wa Edinburgh, Uskoti, ukatolewa Oktoba 2004 kwa ajili ya mtambo wa PlayStation 2. Mwaka 2013 uliingia katika simu, na mwaka 2021 ukatolewa tena kwa sura mpya. Mchezaji humwona mhusika wake kutoka nyuma, mithili ya msimulizi wa nafsi ya tatu anayeandama nyayo za shujaa wake. Shujaa huyo ni Carl Johnson, maarufu kwa jina la CJ, ambaye anarejea Los Santos, mji wa kubuni uliochorwa kwa mfano wa Los Angeles, mwaka 1992. Amekuja kumzika mama yake aliyeuawa. Anaukuta mtaa wake wa Grove Street umedhoofishwa na dawa za kulevya, na kabla hajafika nyumbani askari polisi fisadi, Tenpenny, amekwisha kumtishia kumsingizia mauaji.

Fadhila ya kwanza ya mchezo huu ni ufundi wa masimulizi. Mchezaji humchukua Big Smoke garini, husikiliza mizaha yake na kumpigania vitani, kisha hugundua kwamba rafiki huyo wa tangu utotoni ameshirikiana na mahasimu wao na anatajirika kwa biashara ya kokeini inayowaangamiza jirani zake. Mwanafunzi aliyepata kukariri maana ya neno kinaya ili apasi mtihani hapa hukionja kinaya chenyewe, maana aliyehadaiwa si CJ peke yake, bali ni yeye pia aliyekuwa akimwendesha.

Fadhila ya pili ni kuheshimiwa kwa jasho. CJ hazaliwi hodari. Akiendesha baiskeli mara nyingi, ustadi wake huongezeka. Akifanya mazoezi ya viungo, misuli hujaa. Akila vyakula vya mafuta bila kipimo, hunenepa na mwili ukamlemea. Asipokula, hukonda na kudhoofika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mchezo huu humfanya kijana ainame mara mia bila kulalamika. Laiti walimu wa Hisabati wangegundua siri hiyo!

Fadhila ya tatu ni mandhari. Miji mitatu, vijiji, milima na jangwa vimeunganishwa kwa barabara ambazo mchezaji huzisafiri hadi akazijua kama kiganja cha mkono wake. Kijana anayesinzia akipewa ramani ya Bonde la Ufa darasani huisoma ramani ya San Andreas kwa wepesi, kwa sababu huko ramani ina kazi ya kufanya.

Baada ya kusifu, yatupasa tuseme na kasoro. Wanawake katika hadithi hii wengi wao ni pambo au kichekesho; dada wa CJ, Kendl, ana akili timamu, lakini hupewa nafasi finyu mno. Lugha ni ya matusi tele. Mwaka 2005 iligunduliwa kwamba ndani ya programu ya mchezo mlifichwa maonyesho ya ngono, na watungaji wakalazimika kuutoa upya bila maonyesho hayo. Nchini Uingereza mchezo huu uliwekewa mpaka wa umri wa miaka 18, na mwenye kibanda anayemkaribisha mtoto wa darasa la tano hana udhuru wowote.

Hata hivyo, kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba katika ulimwengu huo kifo hakina uzito. CJ akiuawa, huamka mlangoni pa hospitali akiwa amepungukiwa na fedha kidogo na silaha zake. Mpita njia akiuawa, mwili wake hulala barabarani kwa muda mfupi, kisha hutoweka. Hapana matanga wala yatima. Mitaa imegawanywa kwa rangi: kijani ni ya Grove Street, zambarau na manjano ni za mahasimu. Anayetaka kuuteka mtaa huwaua wenye rangi nyingine, na mtaa ukishabadilika rangi katika ramani, huanza kumletea mapato.

Hadithi inapokaribia kikomo, mashtaka dhidi ya Tenpenny yanatupiliwa mbali na mji unalipuka kwa ghasia. Watungaji waliiga jambo la kweli. Mnamo Aprili 1992, baada ya mahakama kuwaachilia askari waliompiga Rodney King, Los Angeles iliwaka moto na watu zaidi ya 50 wakafa. Katika mchezo, CJ anapomshinda Big Smoke na Tenpenny akafa, ghasia hukoma na barabara huwa safi kana kwamba hapakutokea lolote.

Msomaji wa Nakuru hahitaji kukumbushwa kwamba mwaka huohuo wa 1992 Molo na Olenguruone zilikuwa zikiteketea kwa mapigano ya kikabila. Wala hajasahau Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakati moto ulipoingia Nakuru na Naivasha. Nchini kote watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru uligeuka kambi ya maelfu ya watu waliofukuzwa makwao, na wapo wakimbizi waliokaa hemani kwa miaka. Huku kwetu ramani ilipobadilishwa rangi, majivu hayakutoweka.

Hatusemi kwamba mchezo huu ndio unaozaa wauaji. Mapigano ya Molo yaliutangulia kwa miaka 12, na waliochoma nyumba hawakufunzwa na televisheni, bali walichochewa na watu wazima. Tunalosema ni kwamba kijana wa leo aliyezaliwa baada ya 2008 huenda akaiona picha ya mtaa unaotekwa kwa mara ya kwanza katika kioo, ambamo sura ya pili ya kisa hicho imekatwa. Nyumbani wazazi wamenyamaza kwa uchungu. Shuleni somo la Historia hupita haraka. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wenyewe ndio huu wa kubuni.

Basi dawa si kiboko wala kuficha simu. Mwalimu wa Kiswahili wa Njoro, Molo au Gilgil anaweza kuwapa wanafunzi wake wa sekondari kazi moja ya insha: msimulizi awe mkazi asiye na jina wa mtaa uliotekwa na CJ, na asimulie kwa nafsi ya kwanza asubuhi iliyofuata. Nani alimzika aliyeanguka? Duka lilifunguliwa na nani? Mtoto alikwenda shule ipi? Kijana atakayejibu maswali hayo atakuwa ameandika sura ambayo watungaji wa Edinburgh hawakuiandika, na huenda akamuuliza nyanyake maswali ambayo hajawahi kuyauliza.

Tena wenye vipaji miongoni mwao wasikomee kucheza. Mwaka 2015 Mkenya Andrew Kaggia alitoa mchezo wa Nairobi X, ambao mandhari yake ni mji wetu mkuu ukishambuliwa na viumbe kutoka anga za mbali. Ukiulinganisha na San Andreas ni mdogo, lakini ulithibitisha kwamba miji yetu nayo yaweza kuwa jukwaa la kisa. Watungaji wa San Andreas waliutazama mwaka 1992 wa Los Angeles na kuupa umbo. Mwaka 1992 wa Bonde la Ufa ungali unamngoja mtungaji wake, naye sharti awe mtu ajuaye kwamba mwili uliolala barabarani una jina na una wenyewe.