Si Kila Kisukuku ni Mfupa Uliogeuka Jiwe

Hivi majuzi mwanafunzi mmoja wa shule ya upili aliniletea daftari lake. Humo alikuwa ameandikishwa kwamba kisukuku ni "mfupa wa kale uliogeuka jiwe". Mimi ni mtu wa isimu, si wa jiolojia; hata hivyo fasili ni kazi yangu, na fasili hiyo ina kasoro mbili. Kitenzi chake kinapotosha, na nomino yake ni finyu mno.

Tuanze na kitenzi. Mwaka wa 1984, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Kilikuwa cha mvulana aliyefariki yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Je, mifupa yake iligeuka jiwe? La hasha! Mfupa una vitundu vingi vidogo. Nyama ilipooza na tope kuufunika, maji ya ardhini yalipenya vitunduni yakiacha madini humo, chembe kwa chembe, hata mfupa ukawa mzito na mgumu. Sehemu kubwa ya kiunzi cha awali ingalimo. Basi jiwe liliingia mfupani. Mfupa haukuwa jiwe.

Kombe la chaza lina kisa kingine. Likiisha kuzikwa katika mashapo, maji yenye asidi yaweza kuliyeyusha lote, likabaki pango lenye umbo lake. Hiyo ni kalibu. Madini yakija kuijaza, tunapata sanamu ya kombe ambayo yenyewe haikupata kuwa kombe hata siku moja. Nayo ni kisukuku.

Na nyayo je? Huko Laetoli, Tanzania, kikosi cha Mary Leakey kilifukua mwaka wa 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili takriban miaka milioni 3.6 iliyopita. Majivu ya volkano yalilowa mvua, yakakanyagwa, yakakauka yakawa magumu, kisha majivu mengine yakayafunika. Humo hamna mfupa hata mmoja, lakini mna mwendo wa aliyepita.

Wenzetu wa Pwani wanaijua sandarusi. Utomvu huchuruzika mtini, humnasa mdudu, kisha huganda naye. Sandarusi nyingi ni changa mno kuhesabiwa kuwa kisukuku. Iliyokomaa kwa mamilioni ya miaka ndiyo kaharabu. Mdudu aliyemo hakuguswa na jiwe lolote.

Nilimwandikia kijana yule fasili mpya: kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe wa kale, iliyohifadhiwa ardhini kwa njia za maumbile. Aliisoma mara mbili, kisha akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, katika mtihani niandike ipi?"

Walimu wenzangu, swali hilo nawaachia nyinyi mnaosahihisha.