Fahamu: Leseni ukutani pekee haitoshi kuilinda ngozi yako

Mnamo Agosti 2025, Wizara ya Afya ya Kenya ilitangaza kwamba Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) lilikuwa limefunga vituo vya afya 728 na kuvishusha daraja vingine 301. Kwa mkazi wa mji wa Suneka, Kisii, anayetafuta tiba ya chunusi au mabaka, hatua hiyo inatia moyo, ila haitoshi. Mkaguzi hutazama leseni, sifa za wahudumu, usafi na vifaa, kisha huenda zake. Hayupo siku unapokabidhiwa kikopo cha krimu kisicho na lebo, na hapo ndipo penye hatari: krimu hiyo inaweza kuwa na haidrokwinoni au zebaki, viambato vya kung'arisha ngozi vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini, na zebaki hudhuru figo.

Wapo wanaosema kufunga kliniki kunawanyima huduma watu wa mashinani, kwani mabingwa wa ngozi ni wachache. Ni hoja nzito. Lakini anayeunguzwa na krimu kali huishia kwa bingwa huyohuyo, hali ikiwa mbaya zaidi na mfuko mtupu. Uhaba huo unadai ukaguzi wa kushtukiza uongezwe, si upunguzwe. Kabla ya kulipa, tafuta jina la kituo katika sajili ya KMPDC mtandaoni, na krimu isiyo na lebo ikatae.