Hadithi Inapoishia kwenye Toba

Hadithi za Kikristo zilizoandikiwa vijana miaka ya 1960 na 1970 hazisomwi sana Kampala siku hizi, na watu wazima hukimbilia kulaumu simu. Mimi nalaumu umbo la hadithi zenyewe.

Umbo hilo lina chanzo chake. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Mkristo Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari mmishonari wa Gahini, Rwanda. Urafiki wao ulichochea uamsho wa walokole, yaani waliookoka, na walokole wakaeneza ushuhuda: mtu anasimama, anaungama alivyopotea, anataja siku aliyookoka, wenzake wanaitikia kwa wimbo. Hadithi nyingi za vijana zilifuata mkondo huohuo. Binti anatoroka bweni, anarubuniwa na mwenye gari, anapata mimba, analia, anatubu, basi. Sasa kijana wa mtaa wa Ntinda hapa Kampala ambaye wazazi wake waliokoka kabla hajazaliwa aifanyie nini? Hadithi inafungwa pale maisha yake yanapoanzia.

Zipo zinazoponyoka. I Loved a Girl cha Walter Trobisch, mmishonari Mjerumani aliyefundisha Kamerun, ni barua za kijana na mchungaji wake. Kilitoka kwanza kwa Kifaransa mwaka 1962. Mawaidha ya mchungaji kuhusu usafi wa mwili yamechuja, yanasomeka kama hotuba ya mwalimu mkuu. Lakini kijana anapompenda Cecile, na baba mtu anadai mahari asiyoiweza, maandiko hayalipi deni. Anayedunduliza hela za kwanjula, sherehe ya kujitambulisha kwa wakwe, leo atazielewa barua hizo bila mkalimani.

Kilicho bora zaidi kiliandikwa Kampala kwenyewe. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akiitwa James Ngugi na bado Mkristo, alikiandika The River Between akiwa mwanafunzi wa Makerere, kwa ajili ya shindano la East African Literature Bureau, kikachapishwa 1965. Muthoni, binti wa mhubiri Joshua, anamwambia dada yake mtoni kwamba anataka tohara. Hamkatai Kristo. Anataka vyote viwili, na kidonda kinamuua. Ngũgĩ hamtubishi wala hamsuti, na hapo ndipo msichana anayempenda Mungu lakini hakubali masharti ya baba yake anapojiona. Tohara yenyewe itahitaji maelezo ya mwalimu, maana Uganda iliipiga marufuku kwa wasichana mwaka 2010, na vizuri ilivyofanya.

Upon This Mountain cha Timothy Wangusa, kilichokuja baadaye (1989), hakihitaji hata maelezo hayo. Mwambu, kijana wa Bugisu, amebanwa kati ya kanisa na imbalu, tohara ya jadi ya Wagisu, na imbalu ya wavulana bado inakuja kila mwaka wa shufwa. Ukifika Agosti, wapo wavulana wa kwaya wanaopanda basi la Mbale.